Tanini si muujiza wa Kagera

Mnunuzi wa kabati la chipubodi huuliza bei, rangi na uimara wa bawaba. Gundi haiulizi. Hata hivyo, katika kila kilo 100 za ubao huo, kilo 6 hadi 10 hivi ni gundi, na mara nyingi ni gundi ya urea na fomaldehaidi. Urea ni ileile anayonunua mkulima kama mbolea. Fomaldehaidi ikiwa ndani ya maji ndiyo fomalini, dawa ya kuhifadhia maiti. Zote mbili hutengenezwa hasa kwa gesi asilia na makaa ya mawe.

Tanini, ile dawa kakasi iliyomo kwenye magome ya miti, inaweza kushika nafasi ya sehemu kubwa ya gundi hiyo. Hilo ni kweli. Lakini juu ya ukweli huo yamejengwa madai mengi: mengine ya wapenda mazingira, mengine ya wauza miche, mengine ya mafundi seremala wasioamini gundi isiyotoka kwenye kopo lenye nembo. Ninayajibu yale yanayowagusa watu wa Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, kwa sababu huku mtu huambiwa asubuhi kwamba mti fulani una pesa, na jioni ameshapima kipande cha rweya, ile nyika ya nyasi.

“Hayo ni mambo ya maabara tu”

Si kweli, na kulijibu dai hili hakuhitaji maneno mengi. Watafiti wa Australia walikuwa tayari wakiigeuza tanini ya mti uitwao mwati kuwa gundi ya mbao katika miaka ya 1960. Afrika Kusini ikaipeleka viwandani katika miaka ya 1970, wakati bei ya mafuta ilipopanda baada ya 1973 na gundi za petroli zikapanda nazo. Antonio Pizzi, mwanakemia aliyefanya kazi Pretoria kabla ya kuhamia Ufaransa, aliandika sehemu kubwa ya kemia inayotumika hadi leo.

Nasi hatukuwa mbali na habari hii. Kampuni ya miwati ya Njombe, maarufu kama TANWAT, ilianzishwa mwaka 1949 na shirika la maendeleo la makoloni la Uingereza, kwa lengo la kukamua tanini ya magome kwa ajili ya wasindika ngozi. Eldoret, Kenya, ilikuwa na kampuni yake kubwa ya kazi hiyohiyo, EATEC. Kabla yao wote, Wajerumani walikuwa wakisafirisha magome ya mikoko kutoka delta ya Rufiji. Na mwaka 2003 wahandisi wa Tanzania, Elifas Bisanda na wenzake, walichapisha utafiti juu ya michanganyiko ya gundi ya tanini kwa ajili ya mbao za chembechembe. Bisanda ndiye aliyekuja kuwa makamu mkuu wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Anayesema jambo hili ni geni kwetu hajatazama kusini mwa nchi yake.

Penye ukweli kidogo katika dai hili ni kwenye ukubwa. Tanini yote inayouzwa duniani kwa mwaka ni kama tani 200,000, na nyingi huishia kwenye ngozi, mvinyo na chakula cha mifugo. Gundi za mbao zinazotumika duniani huhesabiwa kwa mamilioni ya tani. Hata tanini yote ikimwagwa kwenye chipubodi, haitatosha.

“Ni ya asili, kwa hiyo haina sumu”

Hili ndilo dai linalopendwa kuliko yote, na ndilo lenye hatari zaidi, kwa sababu linamfanya fundi avue barakoa.

Tanini peke yake haigandi vizuri ikawa gundi imara. Inahitaji kiungo cha kufunga molekuli zake pamoja, na katika viwanda vingi kiungo hicho kimekuwa fomaldehaidi ileile, mara nyingi ikiwa katika umbo la unga uitwao parafomaldehaidi. Tofauti ni kwamba tanini ya mwati huikamata fomaldehaidi kwa kasi kubwa na kuishikilia, basi inayobaki huru ili kuvuja chumbani baadaye ni kidogo sana. Njia nyingine hutumia heksamini. Nayo imetengenezwa kwa fomaldehaidi na amonia, lakini ikipashwa moto pamoja na tanini huungana nayo na kuacha mvuke mdogo mno. Mbao za namna hii hutimiza bila shida kiwango cha Ulaya kinachojulikana kama E1, yaani fomaldehaidi isiyozidi miligramu 0.124 katika kila mita moja ya ujazo ya hewa ndani ya chumba cha majaribio.

Kwa hiyo jibu sahihi ni “mvuke mdogo”. “Haina sumu” ni maneno ya tangazo. Tena hata mti ambao haujawahi kuguswa na gundi hutoa fomaldehaidi kidogo.

Sababu za kuiogopa fomaldehaidi zipo. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lenye makao Lyon, liliiweka mwaka 2004 katika kundi la kwanza, kundi la vitu vinavyojulikana kwa uhakika kusababisha saratani kwa binadamu. Lakini wauza hadithi ya gundi asilia hawataji jambo la pili: vumbi la mbao limo katika kundi hilohilo tangu 1995. Vumbi lolote, la mninga, la paini, la mvule uliokatwa na babu. Fundi anayepiga msasa kutwa nzima ndani ya kibanda kilichofungwa, akiamini yuko salama kwa kuwa ubao wake ni “wa asili”, anavuta kitu ambacho gundi ya tanini haiwezi kukiondoa. Barakoa na dirisha lililo wazi vitamfaa kuliko nembo yoyote ya kijani.

“Chipubodi ni chipubodi, ikipata maji itavimba tu”

Bukoba hupata mvua ya milimita 2,000 hivi kwa mwaka, mara mbili ya sehemu nyingi za nchi. Mtu wa huku anayesema chipubodi haifai ana ushahidi jikoni kwake: mlango wa kabati chini ya sinki umefura, kingo zimepasuka, skrubu hazishiki. Simlaumu.

Ila anakosea chanzo. Gundi ya urea ni dhaifu mbele ya maji, hasa maji pamoja na joto: vifungo vyake hukatika taratibu na kurudi kuwa vitu vilivyoiunda, fomaldehaidi ikiwa mojawapo. Ndiyo sababu kabati linalolowa mara kwa mara hufura na pia hutoa harufu. Tanini ina undugu wa kikemia na fenoli, na vifungo vya aina hiyo havikatiki kirahisi namna hiyo. Afrika Kusini ilitumia gundi ya tanini ya mwati kwa mbao zinazokaa nje, kazi ambayo gundi ya urea haipewi.

Pamoja na hayo, magome hayatoi tanini tupu. Yanatoa pia sukari na ute, hata robo ya mzigo mzima, na vitu hivyo huifanya gundi iwe nzito na kupunguza uwezo wake wa kukinza maji. Kiwanda kisichojua kuvishughulikia kitatoa ubao mbaya na kuisingizia tanini. Na chembe za mbao zenyewe hunywa maji hata zikibandikwa na gundi ya namna gani. Anayetaka kabati la chini ya sinki lidumu azibe kingo zake kwanza.

“Kagera ina tanini tele: migomba, maganda ya kahawa, mikaratusi, paini”

Hapa ndipo penye mambo mengi, na ndipo ndoto nyingi huanzia.

Ni kweli tanini iko kila mahali. Mtoto aliyetafuna ndizi mbichi ya pombe anaijua: ulimi unakauka na mashavu yanavutwa ndani. Aliyefua shati lenye utomvu wa mgomba anaijua kwa doa lisilotoka. Lakini kuwepo kwa kitu na kuwepo kwake kwa wingi wa kulisha kiwanda ni mambo mawili. Magome makavu ya mwati hutoa takribani theluthi moja ya uzito wake kama tanini, kwa maji ya moto tu. Mgomba haukaribii hapo. Ukiukamua kwa ajili ya gundi utapata maji mengi, wanga na kazi ya bure.

Pia tanini si za aina moja. Zipo zinazovunjika kirahisi zikipata maji na asidi, na zipo zilizofungamana kwa minyororo mirefu. Gundi ya mbao inazitaka hasa hizi za pili, za mwati, za paini, za mti wa quebracho wa Argentina na Paraguay. Mikaratusi inayopandwa Bukoba na Muleba kwa nguzo na kuni haimo katika orodha ya miti inayolisha viwanda vya tanini duniani. Ukakasi wa magome yake hauifanyi kuwa miwati.

Paini inastahili kusikilizwa zaidi, maana imepandwa sana kwenye vilima vya Muleba, na magome yake huachwa palepale shambani au huishia mafigani. Chile imeyatafiti sana magome ya paini yake kwa ajili ya kazi hii. Tatizo la kwanza ni la kemia: tanini ya paini huungana na fomaldehaidi haraka kupita kiasi, gundi inaweza kuganda kabla ubao haujafika kwenye mashine ya kushindilia. Wataalamu wanajua namna ya kuituliza, lakini haitulii kwa kubahatisha. Tatizo la pili ni la mpangilio wa kazi. Kiwanda cha magome kinahitaji kiwanda kikubwa cha mbao ambapo magogo huja na magome yake na kuvuliwa mahali pamoja. Muleba tunapasua kwa mashine ndogo, leo kilima hiki, kesho kile. Gharama ya kuokota magome shamba kwa shamba itaimeza faida kabla gari halijafika barabarani.

Yamebaki maganda ya kahawa, na hapa watu wanachanganya mambo mawili. Robusta ya Kagera hukaushwa ikiwa na ganda lake, na mkulima huiuza hivyo, kahawa ya maganda. Ikikobolewa, karibu nusu ya uzito hubaki kuwa ganda. Ukifikiria tani zinazopita kwenye mashine za kukobolea za Bukoba kila msimu, huo ni mlima. Je, una tanini? Kidogo. Je, unafaa kwa ubao? Ndiyo, lakini kama chembe za kubandikwa, si kama kitu cha kubandikia. Ganda la kahawa linaweza kushika nafasi ya maranda. Haliwezi kushika nafasi ya gundi. Anayesema Kagera itatengeneza ubao wa kahawa kwa gundi ya kahawa amesoma nusu ya habari.

Na maganda hayo hayakai bure yakisubiri mwekezaji. Yanarudi kwenye kibanja, shamba la migomba la nyumbani. Yana potashi nyingi, na mgomba ni mlaji mkubwa wa potashi. Atakayeyanunua kwa ajili ya kiwanda atalazimika kulipa zaidi ya thamani ya rutuba anayoiondoa, na mwenye kibanja ana haki ya kuipiga hesabu hiyo kabla ya kufurahia bei ya gunia.

“Basi tupande miwati kwenye rweya, ile nyika haina kazi”

Kauli ya kwamba rweya haina kazi inatoka kwa mtu asiyeezeka wala kutandaza nyasi. Mfumo wa ukulima wa Wahaya ulisimama juu ya ndoa ya kibanja na rweya. Nyasi za rweya ndizo zilizotandazwa chini ya migomba, ng'ombe walilishwa huko na samadi ikaja kibanjani, na wanawake walilima njugu mawe katika vipande vya rweya. Rweya ni maskini kwa udongo, hilo halina ubishi. Lakini umaskini huo kwa sehemu umetokana na karne nyingi za kulisha kibanja. Tayari paini na mikaratusi vimeichukua sehemu kubwa, na anayetafuta nyasi leo anatembea mbali kuliko mama yake.

Sasa tuuangalie mwati wenyewe. Unatoka kusini-mashariki mwa Australia. Ulifika Natal mwaka 1864, na baadaye ukaja kwetu. Kuna wanaosema unaua rutuba ya ardhi. Huo nao ni uzushi kwa namna yake, kwa sababu ni wa jamii ya kunde na mizizi yake huongeza naitrojeni udongoni. Una kuni nzuri, mkaa mzuri, na magome yake huvunwa ukiwa na miaka 8 hadi 12 hivi. Kwa sifa hizo Wakikuyu wa Nyeri na Kiambu waliupanda kwa hiari yao na kuuza magome kwa miaka mingi.

Kasoro yake ni kwamba haubaki ulipopandwa. Umo katika orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani iliyotolewa na shirika la uhifadhi la IUCN. Mbegu zake hukaa ardhini miongo mingi zikiwa hai, husafiri na maji, na huamshwa na moto. Hebu msomaji wa Muleba asome tena hayo mawili ya mwisho. Rweya yetu huchomwa moto karibu kila kiangazi, na mabonde yake humwaga maji katika mto Ngono na mito mingine inayokwenda mto Kagera na Ziwa Victoria. Ukitaka kubuni mahali pa kuusambaza mwati kwa urahisi, ungebuni mahali kama hapa. Afrika Kusini, nchi iliyofanikiwa kuliko zote barani kwa tanini, imekuwa tangu 1995 ikiwalipa watu kwa mpango wa serikali kung'oa miti vamizi, miwati ikiwa mbele, ili mito ipate maji.

Tunao mfano wa karibu zaidi, na Kagera haikuwa upande wa mwathirika. Msizi ni mti wa kwetu. Jina lake la kisayansi, Maesopsis eminii, linamkumbuka Emin Pasha, yule aliyeanzisha kituo cha Wajerumani Bukoba mwaka 1890. Huku magharibi mwa ziwa msizi ni mti mwema: unakua haraka, unapasulika vizuri, unakaa kwa amani na mibuni. Ulipopelekwa Amani, Usambara Mashariki, hondohondo wakala matunda yake na kusambaza mbegu, na palipokatwa miti ya asili msizi ukaingia na kutawala. Mti mwema Bukoba umekuwa kero Tanga. Sioni kwa nini mti wa Njombe uwe mwema Muleba kwa sababu tu mtu anauza miche.

“Soko lipo, kinachokosekana ni kiwanda”

Mwenye kusema hivi aulizwe: soko la nani? Gundi ya urea ndiyo ya bei ya chini kuliko zote, na tanini hushindana kwa shida hata na gundi ya fenoli. Mafuta yakipanda bei, wenye viwanda huikumbuka tanini. Yakishuka, huisahau. EATEC ya Eldoret ilikuwa na maelfu ya hekta, kiwanda na wateja ng'ambo. Wasindika ngozi wengi walipohamia kwenye kromiamu, biashara ikadhoofika, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ikafungwa na ardhi yake kugawanywa na kuuzwa. Sehemu yake sasa ni mahindi. Kama kampuni yenye mtaji huo ilianguka, mkulima mwenye ekari mbili Kamachumu atashikwa mkono na nani?

Kisha kuna safari. Magome ya mwati hupoteza ubora yakikaa, yanataka kufika kiwandani mapema. Kutoka Bukoba hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,300, na Njombe iko upande mwingine kabisa wa nchi. Kampala iko karibu kwa kupitia Mutukula, kama kilomita 300, na ni soko zuri la samani. Lakini soko la samani si soko la magome.

Kama kuna hesabu inayokaribia kukaa sawa kwa Kagera, naiona kinyume cha inavyohubiriwa: malighafi ya ubao itoke huku, yaani maranda ya paini na yale maganda ambayo kibanja hakiyahitaji, na tanini ije ikiwa unga mkavu kutoka mahali miwati ilipo tayari. Unga wa tanini hauozi, na gunia moja lake hubandika magunia kumi au zaidi ya chembe. Hata hapo, mashine ya kushindilia inataka joto la nyuzi 180 na kuendelea, umeme usiokatika, na mtu aliyesomea gundi. Mambo hayo matatu yanatafutwa kabla ya mche mmoja kupandwa.

Basi akija mtu na miche ya miwati na maneno matamu, mwenye rweya amwombe karatasi yenye jina la mnunuzi wa magome, bei kwa kilo, mahali pa kupimia uzito, na nani atang'oa miche itakayoota nje ya mpaka. Asipokuwa nayo, asipewe ardhi. Naye anayenunua ubao dukani amwombe muuzaji amwonyeshe alama ya E1. Wauzaji wengi hawajawahi kuulizwa, na wataanza kuleta mbao zenye alama siku wateja watakapokataa zisizo nayo.